Mashini ya mbao yenye kusoma namba: ilitoka wapi, na inatuuliza nini sisi wenye diploma?

Leo niko na historia ya mashini, lakini nianze na aibu yetu wenyewe.

Mwaka juzi, sisi wanne wa promosyo moja tulikaa tukaamua: tutengeneze CNC ya mbao. TFE tulikuwa tumeshatetea, diploma ziko ndani ya plastiki, kazi haionekani. Kila mmoja akatoa franga kidogo. Tukanunua multipleksi ya milimita 18, tukatafuta vyuma virefu vya visi, rulma za milimita 8, motere tatu za hatua-hatua, kadi ndogo ya Arduino, na motere ya kuchonga, ile mafundi wetu wanaita defonsezi. Kwa wenye hawaijui, CNC ni mashini ya kukata ao kuchonga inayoongozwa na namba kutoka kompyuta. Unachora kwenye kompyuta, programu inageuza mchoro kuwa namba, motere zinafuata namba, kisu kinakata.

Tulipomaliza, tukaiambia ichonge duara. Ilichonga yai.

Tukabadilisha namba kwenye kompyuta. Yai. Tukabadilisha tena. Yai lingine, baya kuliko la kwanza. Siku tatu. Jirani yetu ni fundi wa mbao, mzee mwenye atelie ya vitanda na milango, akasikia kelele ya motere akaja kuangalia. Akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Batoto bangu, hii mashini njo itanikulia kazi?"

"Hapana, Papa. Bado haijui hata kuchonga duara."

Akakaribia, akafunga jicho moja, akaangalia kando ya ule mti wa juu wenye kubeba kisu.

"Munaona? Mbao yenu imepindama. Hata mukibadilisha namba mara kumi, mbao itabakia vile imepindama."

Alikuwa na haki. Injenia wanne, siku tatu. Yeye, dakika mbili na jicho moja.

Lile swali lake la kwanza ndilo lilinibakia kichwani: mashini hii itakula kazi ya nani? Nikaanza kusoma ilitoka wapi. Kumbe swali la mzee ni la zamani, na ni kiini cha historia yote ya CNC.

1. Kadi zenye matundu

Tuanze mbali kidogo, katika mji wa Lyon, Ufaransa. Mwanzoni mwa karne ya 19, Joseph-Marie Jacquard alitoa mashini ya kufuma vitambaa yenye kuongozwa na kadi. Kila kadi ilikuwa na matundu. Penye tundu, uzi unainuka. Pasipo tundu, uzi unabaki chini. Ukitaka ua lingine kwenye kitambaa, haubadilishi mashini, unabadilisha kadi. Wafumaji wengi waliiogopa, juu waliona kazi ya mikono yao inaingia ndani ya karatasi.

Wazo la kadi halikufa. Nchini Marekani, Herman Hollerith alitumia kadi zenye matundu kuhesabu watu katika sensa ya 1890. Kampuni yake iliungana na nyingine, na katika 1924 muungano huo ukachukua jina ambalo wote tunalijua: IBM. Kwa hiyo kabla ya kompyuta tunazozijua leo, tayari kulikuwa na mashini zenye kusoma matundu na kutoa hesabu. Kilichokosekana ni mtu wa kuunganisha hesabu na chuma chenye kukata.

2. Kiwanda cha samani kilichofungwa

Mtu huyo ni John T. Parsons, mzaliwa wa Detroit, 1913. Wasomi, sikilizeni hapa: Parsons hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Alikulia katika kazi ya kampuni ya baba yake iliyotengeneza vipande vya magari.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, katika 1942, Parsons alisikia kwamba helikopta ndiyo kitu cha kesho. Akatafuta kazi kwa kampuni ya Sikorsky, akapewa kutengeneza mabawa, yale yanayozunguka juu ya helikopta. Sasa angalia hii: mabawa ya wakati ule yalikuwa na mbavu za mbao zilizovikwa kwenye mlingoti wa chuma. Na pahali walipoanzia kazi palikuwa kiwanda cha samani ambacho kilikuwa kimeachwa. Leo tunaionaka CNC ya mbao kama mtoto maskini wa CNC ya chuma, lakini ukifuata mzizi, unakuta mbao mwanzoni kabisa.

Shida ilikuwa umbo. Bawa haliko duara wala mraba. Lina mgongo wa kupinda polepole. Sikorsky ilituma nukta 17 tu za kuonyesha umbo hilo. Kati ya nukta na nukta, mchoraji alipitisha kalamu kwa kifaa cha kupinda, kwa macho na kwa mazoea. Halafu bawa moja lilivunjika. Parsons akaanza kujiuliza maswali mazito juu ya namna mabawa yanavyopangwa na kuhesabiwa.

Katika 1946 alimwajiri injenia kijana, Frank Stulen. Stulen alikuwa na ndugu aliyefanya kazi katika kampuni ya mapangaboi ya ndege, na huyo alimwambia kwamba kwao hesabu ngumu zinafanywa kwa mashini za kadi za IBM. Wakakodi mashini kama hizo. Kwanza zilikuwa za kuhesabu nguvu ndani ya bawa. Kisha Parsons akauliza swali rahisi: je, mashini hii inaweza kunipa nukta 200 pahali pa zile 17?

Iliweza. Ikawa hivi: mtu mmoja anasoma namba kwa sauti kutoka kwenye karatasi, wawili wanazungusha mikono ya mashini ya kukata, mmoja upande wa X, mwingine upande wa Y. Wanafika kwenye nukta, wanakata. Nukta nyingine, wanakata. Baadaye unapiga msasa vile vimeno vidogo vinavyobaki. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: kama watu watatu wanafanya kazi ya kusoma namba na kuzungusha, kwa nini mashini isisome yenyewe?

Katika 1949 jeshi la anga la Marekani lilimpa Parsons mkataba, juu ndege mpya zilihitaji mabawa ambayo mkono peke yake usingeweza kuyakata sawa. Parsons akatafuta msaada katika chuo cha MIT, kwenye maabara yao ya servo, yaani motere zenye kujipima na kujirekebisha. Katika 1952 MIT ilionyesha mashini yake: mashini kubwa ya kukata chuma, kampuni ya Cincinnati, ikiongozwa na utepe wa karatasi wenye matundu. Makabati ya umeme yalijaa mamia ya lampu za elektroniki, na yalikuwa makubwa kuliko mashini yenyewe.

Lakini mwenye wazo alikuwa amesukumwa pembeni. MIT ilianza kushughulika na jeshi moja kwa moja. Parsons hakulala: tarehe 5 Mei 1952 aliweka ombi la hati ya uvumbuzi, na akaipata Januari 1958. Heshima ilikuja kwa kuchelewa. Katika 1985 yeye na Stulen walipewa nishani ya taifa ya teknolojia.

Kwa kulinganisha: mwaka ule wa 1952, hapa kwetu Kongo hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium ilianza masomo katika 1954, chuo cha Elisabethville katika 1956. Sisemi hivi tulie. Nasema ili tujue kwamba hatukuchelewa sababu ya akili. Wakati wenzetu walipoanza darasa hili, mlango wa kwetu ulikuwa bado haujajengwa.

3. Ujuzi ubaki mkononi mwa nani?

Sasa tunafika kwenye swali la Papa fundi.

Karibu wakati uleule, miaka ya 1946 na 1947, kampuni ya General Electric ilijaribu njia nyingine. Fundi hodari anatengeneza kipande cha kwanza kwa mkono wake. Mashini inarekodi kila mwendo wake kwenye utepe wa sumaku, kama vile tunarekodi wimbo. Kisha mashini inarudia mwendo uleule kwa kipande cha pili, cha tatu, cha mia. Ujuzi unabaki wa fundi. Mashini inamsaidia tu kurudia.

Njia ile haikwenda mbali. Njia ya namba ndiyo ilishinda. Kwa nini? Hapa wanahistoria wanabishana. Injenia watakuambia: bawa la ndege la aina mpya hakuna fundi anayeweza kulitengeneza kwa mkono mara ya kwanza, kwa hiyo hakuna cha kurekodi. Ni kweli. Lakini mwanahistoria David Noble, katika kitabu chake Forces of Production cha 1984, alionyesha upande mwingine. Wakubwa wa viwanda walipenda namba pia kwa sababu namba zinaandikwa ofisini. Fundi anabaki kubonyeza kitufe. Mwenye kushika karatasi ndiye anashika kazi, na siku ya kugoma, fundi hana tena cha kuzuia.

Na soko huru peke yake halikuisukuma mashini ile mbele. Ilikuwa ghali, ngumu, na viwanda vingi viliikataa. Jeshi la Marekani ndilo lilinunua mashini zaidi ya 100 na kuziweka katika viwanda vya ndege. Hivyo mtu akikuambia "teknolojia imechagua yenyewe", muulize: nani alilipa?

Baadaye lugha ilikuja. Katika 1959 MIT ilitangaza APT, lugha ya kompyuta ya kuandikia kazi za kukata, chini ya uongozi wa Douglas Ross. Na ile lugha tunayotumia mpaka leo, G-code, ilikua katika miaka ileile ya 1960. Ni lugha fupi sana. Ukiandika G0, unasema: nenda haraka bila kukata. G1: nenda kwa mstari ukikata. G2 na G3: zunguka. Kwa hiyo G1 X50 Y20 F600 maana yake: kata kwa mstari ulionyooka mpaka pahali X ni milimita 50 na Y ni milimita 20, kwa mwendo wa milimita 600 kwa dakika. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuielewa kwa mchana mmoja. Yule mtu wa kusoma namba kwa sauti katika atelie ya Parsons, njo huyu, amegeuka kuwa mstari wa herufi.

4. Namba zinarudi nyumbani

Kwa miaka mingi CNC ilibaki kitu cha viwanda vikubwa. Ni mambo matatu yaliyoishusha mpaka ndani ya chumba cha kijana.

La kwanza ni motere ya hatua-hatua. Motere ya kawaida inazunguka tu. Hii inapiga hatua. Nyingi zinapiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, kila hatua nyuzi 1.8. Haihitaji ile servo ya MIT yenye kujipima: unahesabu hatua, unajua uko wapi. Na zilijaa ndani ya printa na skana za zamani, kwa hiyo wapenda ufundi walianza kuzitoa huko.

La pili ni programu za bure. Katika miaka ya 1990, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilitengeneza programu ya kuongoza mashini iitwayo EMC. Kazi ya serikali ile haina haki ya kufungiwa, kwa hiyo watu waliichukua, wakaiendeleza. Leo inaitwa LinuxCNC, na inatembea kwenye kompyuta ya kawaida.

La tatu ni kadi ndogo. Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, katika 2005, kwa ajili ya wanafunzi. Katika 2009 Simen Svale Skogsrud wa Norway aliandika Grbl, programu yenye kusoma G-code ndani ya kadi ile. Fikiria: Arduino Uno iko na kumbukumbu ya kilobaiti 32 za programu na 2 tu za kazi. Picha moja ya simu yako haingii humo. Lakini inaongoza motere tatu pamoja. Makabati ya 1952 yamekaa kwenye kiganja.

Mwaka uleule wa 2009 kilitoka kitabu cha Patrick Hood-Daniel na James Floyd Kelly cha kumfundisha mtu wa kawaida kujijengea CNC nyumbani, mwili wake ukiwa wa mbao. Mbao, tena. Juu mbao unaweza kuikata kwa msumeno, kuitoboa kwa mashini ya mkono, na ukikosea unatupa kipande kimoja tu, hautupi mwezi mzima wa mshahara.

5. Mbao inafundisha nini

Nirudi kwenye mashini yetu, kwa faida ya wenye watajaribu.

Hesabu ya msingi ni hii. Chuma cha visi cha M8 kinasogeza milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja. Motere inapiga hatua 200. Gawa 200 kwa 1.25: hatua 160 kwa kila milimita. Kwenye karatasi, ni usahihi wa ajabu. Sisi tulidanganywa na karatasi ile.

Mbao haisomi karatasi. Inakunywa maji. Multipleksi yetu tuliikata wakati wa jua, mvua ikaingia, upande mmoja ukavimba. Tena mbao inanesa: ukikata kwa haraka, kisu kinasukuma mti wa juu nao unakimbia kidogo. Na visi vya bei ndogo vina ulegevu. Motere ikigeuka kurudi nyuma, hatua za kwanza zinapotea bure kabla meza haijasogea.

Shida kubwa zaidi ni kwamba mashini yetu ni kipofu. Ile ya MIT ilijipima. Yetu inahesabu tu hatua ilizoamuru. Kisu kikikwama kwenye fundo la mbao na motere ikashindwa, mashini inaendelea kuamini iko pahali pake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na munajua vile umeme wetu unakatikaka, mashini inaamka haijui iko wapi kabisa. Ndiyo maana tulijifunza kuweka alama ya mwanzo kwenye kona ya meza, msumari mdogo tu, ili tuweze kuirudisha pale na kuanza upya bila kutupa mbao.

Na musicheze na usalama. Kisu kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Weka kitufe cha kuzima pahali mkono unafika bila kufikiri, funika macho, funga pua juu ya vumbi. Vumbi la mbao za kubandikwa kwa gundi ni baya kwa mapafu.

6. Papa fundi na sisi

Tulimwomba Papa fundi atusaidie. Alikuja na kipande cha muvula kilichokauka miaka, akatutengenezea mti mpya wa juu, akaupima pembe kwa kamba: kona hii mpaka ile, na ile mpaka hii, urefu uwe sawasawa. Hesabu ya jiometri, kwa mtu ambaye hasemi jina la jiometri. Duara likatoka duara.

Leo mashini inachonga majina kwenye vibao na maua kwenye milango ya vitanda vyake. Mchoro ni wake: anachora kwa kalamu kwenye karatasi, sisi tunapiga picha, tunageuza kuwa mistari, mashini inachonga. Kuunga mbao, kuchagua mbao, kupiga rangi, kuongea na mteja, yote bado ni yeye. Faida tunagawana. Si utajiri. Mwezi mwingine hakuna kazi hata moja. Lakini jibu la swali lake tumelipata kwa sehemu: mashini haiamui itakula kazi ya nani. Wenye kuijenga na kuilipia ndio wanaamua, mapema kabisa, siku wanapoamua nani atashika karatasi.

Sisi wenye kusoma tuko na kishawishi cha kurudia kosa lile la ofisi za zamani: namba kwetu, jasho kwa fundi. Halafu tunashangaa duara linatoka yai.

Basi ukitaka kuanza, usianze na kisu. Funga kalamu pahali pa kisu, bandika karatasi kwenye meza, iambie mashini ichore mstari wa milimita 100. Pima kwa rula. Ukipungua kwa kiasi kilekile kila mara, rekebisha hesabu yako. Ukibadilika kila mara, kuna kitu kimelegea ao kimepindama, na hapo kompyuta haitakusaidia. Toka nje, vuka barabara, uite fundi.